Nimeshindwa Barazani, Niende Wapi?

Swali hili husikika kwenye korido za mabaraza ya ardhi kila hukumu inapomalizika kusomwa. Aliyeshindwa anatoka nje, ndugu wanamzunguka, na kila mmoja ana jibu lake. Mmoja anamwambia aende kwa Mkuu wa Wilaya. Wa pili anasema aandike barua kwa Waziri wa Ardhi. Wa tatu anamshauri afungue kesi mpya mahakama nyingine, kana kwamba hii ya kwanza haikuwahi kuwapo. Wa nne anamwambia aachie Mungu.

Kwa Tanzania Bara, jibu la sheria ni moja. Ukishindwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, unakata rufaa Mahakama Kuu, na una siku 45 za kufanya hivyo. Mkuu wa Wilaya anaweza kukupokea vizuri na kukusikiliza kwa huruma, lakini hana uwezo wa kutengua hukumu ya Baraza, na siku unazozimaliza ofisini kwake zinahesabiwa. (Zanzibar ina sheria yake na Mahakama yake ya Ardhi, sura hii haiihusu.)

Kuna swali la pili ambalo wachache huliuliza, nalo ndilo linaloamua nani atashinda: nikifika Mahakama Kuu, nitasimulia upya? Hapana. Rufaa ni kazi ya kuonyesha mahali Baraza lilipokosea, kwa kutumia yale yaliyoandikwa kwenye jalada la Baraza lenyewe. Ukilielewa hilo, mengine yote katika sura hii yatakaa mahali pake.

Ngazi za haki ya ardhi

Migogoro ya ardhi Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, ambayo leo ni Sura ya 216 ya sheria za nchi. Ngazi zake, kutoka chini kwenda juu, ni hizi:

1. Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kupatanisha.
2. Baraza la Kata. Zamani liliamua migogoro midogo ya ardhi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, nalo linapatanisha tu. Likishindwa kuwapatanisha, linathibitisha hivyo kwa maandishi ili mhusika aweze kwenda wilayani. Likikaa siku 30 bila kumaliza upatanishi, mhusika anaweza kuendelea mbele.
3. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapa ndipo kesi inaposikilizwa na kuamuliwa. Anayeliongoza anaitwa mwenyekiti, naye huketi na wazee wa baraza wawili, yaani raia wanaosikiliza ushahidi pamoja naye na kumpa maoni yao.
4. Mahakama Kuu. Hapa jaji mmoja husikiliza rufaa kutoka Baraza la Wilaya.
5. Mahakama ya Rufani. Hii ndiyo ngazi ya mwisho nchini.

Kabla ya 2021, mtu aliyeshindwa kwenye Baraza la Kata alikata rufaa Baraza la Wilaya, na akishindwa hapo alikuwa na siku 60 za kwenda Mahakama Kuu. Ndiyo maana utakutana na wazee wanaotaja siku 60 kwa uhakika kabisa. Hawakudanganyi, wanakumbuka njia ya kesi zilizoanzia kata. Kesi iliyoanzia Baraza la Wilaya ina siku 45.

Kwanza jiulize: je, ulisikilizwa?

Tuchukue mfano tutakaokwenda nao hadi mwisho wa sura. Tuseme mama mmoja muuza samaki alinunua kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, akajenga vyumba viwili. Baada ya miaka kadhaa anatokea mtu anayedai kuwa kiwanja ni cha marehemu baba yake. Kesi inafunguliwa Baraza la Wilaya.

Tuseme mama huyu alikuwa amelazwa hospitalini siku ya kusikilizwa, na Baraza likaendelea bila yeye. Hukumu ya namna hiyo huitwa hukumu ya upande mmoja. Aliyepigwa na hukumu hiyo hakati rufaa kwanza. Anarudi kwenye Baraza lilelile, ndani ya siku 30, akiomba iondolewe, na anaeleza kwa ushahidi kwa nini hakufika: karatasi za hospitali, au uthibitisho kwamba wito haukumfikia. Baraza likikubali, kesi inasikilizwa pande zote mbili. Likikataa, hapo sasa anakata rufaa Mahakama Kuu dhidi ya kukataliwa kwake.

Wengi hupotea kwenye njia panda hii. Wanakimbilia Mahakama Kuu na ushahidi ambao Baraza halikuwahi kuusikia, kumbe mlango uliokuwa wazi ulikuwa nyuma yao.

Siku 45 zinavyokwenda

Tuseme sasa kwamba mama alihudhuria, akajitetea, akashindwa. Hukumu imesomwa tarehe 3 Machi. Siku yenyewe ya hukumu haihesabiwi, hivyo siku ya 45 ni tarehe 17 Aprili. Rufaa yake inatakiwa iwe imesajiliwa kufikia siku hiyo.

Siku 45 zinaonekana nyingi mpaka ukumbuke yanayopaswa kufanyika ndani yake. Unahitaji nakala ya hukumu, ambayo inaeleza Baraza liliamua nini na kwa nini. Unahitaji pia nakala ya tuzo, ile hati fupi inayotaja kilichoamriwa: nani ni mmiliki, nani aondoke, nani alipe gharama. Rufaa isiyoambatanishwa na tuzo haina miguu ya kusimamia. Nakala hizi huchapwa na watumishi wenye majalada mengi mezani, na kuzisubiri kunaweza kula wiki.

Kwa hiyo siku ileile ya hukumu, au kesho yake asubuhi, mama aandike barua fupi ya kuomba nakala za hukumu, tuzo na mwenendo wa shauri. Mwenendo ni kumbukumbu ya yote yaliyosemwa na kufanywa barazani, siku kwa siku. Aipeleke barua hiyo masijala, na nakala yake mwenyewe igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Sheria ya ukomo wa muda inaruhusu siku za kusubiri nakala zisihesabiwe, lakini muhuri ule ndio utakaothibitisha kwamba aliomba lini. Bila muhuri, anabaki na neno lake tupu.

Akizipata, azikague palepale dirishani. Je, majina ya wadaawa, yaani wenye kesi, yameandikwa sawasawa? Je, tarehe ya tuzo inalingana na tarehe ya hukumu? Kosa la aina hii linarekebishika siku hiyohiyo kwa kuliomba Baraza. Miezi sita baadaye, mbele ya jaji, linaweza kuiangusha rufaa nzima.

Na muda ukiwa umepita? Mlango haujafungwa kabisa. Mahakama Kuu inaweza kuongeza muda kukiwa na sababu ya msingi. Mwombaji anaapa kiapo cha maandishi na kueleza kilichomchelewesha, na hapa Mahakama ya Rufani imekuwa na msimamo mmoja kwa miaka mingi: kila siku ya kuchelewa ielezwe. Kusema "nilikuwa naumwa" hakutoshi. Uliumwa kuanzia lini hadi lini, ulitibiwa wapi, ulipopona ulifanya nini siku iliyofuata? Kutoijua sheria hakukubaliki kama sababu, na kukosa hela ya wakili mara nyingi hakukubaliki pia.

Kwa kifupi mpaka hapa

- Hukumu ya upande mmoja: rudi Baraza lilelile ndani ya siku 30.
- Hukumu baada ya kusikilizwa: Mahakama Kuu ndani ya siku 45.
- Omba nakala mapema, kwa barua yenye muhuri.
- Kagua majina na tarehe kabla ya kuondoka masijala.

Jaji anasoma nini?

Jaji wa Mahakama Kuu hatamwona jirani aliyeshuhudia mama akikabidhi fedha. Hatasikia sauti ya mwenyekiti wa mtaa akisita alipoulizwa kuhusu muhuri wake. Anacho kile kilichoandikwa. Kwa kuwa hii ni rufaa ya kwanza, ana uwezo wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia hitimisho lake, na hata kulipindua la Baraza. Lakini ushahidi huo ni ule uliomo jaladani.

Hapa ndipo wenye haki wengi wanapoumia. Mtu anakuja na hati ya mauziano ambayo ilikuwa nyumbani muda wote wa kesi, au na shahidi aliyemwacha kijijini kwa sababu nauli ilikuwa ndefu. Sheria inampa jaji uwezo wa kupokea ushahidi wa nyongeza au kuagiza Baraza liupokee, lakini uwezo huo hutumika kwa nadra. Ushahidi uliokuwapo, ukauacha kwa hiari yako, hauwezi kuwa kosa la Baraza.

Vivyo hivyo kwa hoja. Jambo ambalo hukulisema barazani, kwa kawaida hulisemi kwa mara ya kwanza kwenye rufaa, isipokuwa likiwa la sheria na linagusa mzizi wa kesi, kama vile suala la mamlaka tutakaloliona sasa hivi.

Sababu ambazo mara nyingi husikilizwa

Ukisoma hukumu za rufaa za ardhi, utaona makosa yaleyale yakijirudia. Haya ndiyo ya kuyatafuta ndani ya mwenendo wako:

1. Mamlaka, yaani uwezo wa kisheria wa Baraza kuisikiliza kesi. Baraza la Wilaya lina kikomo cha shilingi milioni 300 kwa madai ya kurejeshewa ardhi au nyumba. Haliwezi pia kuisikiliza kesi ya umiliki ambayo haikupitia upatanisho wa kata. Na mtu anayedai ardhi ana miaka 12 tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Akizidisha, madai yamekufa. Hoja ya mamlaka inaweza kuibuliwa hatua yoyote, hata kwenye rufaa.
2. Mtu asiye na haki ya kushtaki. Katika mfano wetu, anayedai kiwanja ni mtoto wa marehemu. Kuwa mtoto peke yake hakumpi uwezo wa kudai mali ya marehemu mahakamani. Anayedai kwa niaba ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama hakuwa na barua ya usimamizi, mama ana hoja nzito.
3. Mhusika muhimu kuachwa nje. Aliyemuuzia mama kiwanja yuko wapi? Kesi ikiamua kama mauzo yalikuwa halali bila muuzaji kuitwa, uamuzi unaweza kutenguliwa.
4. Wazee wa baraza. Kila mzee aliyesikiliza kesi anatakiwa kutoa maoni yake kwa maandishi kabla ya hukumu, na Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba maoni hayo yasomwe mbele ya wadaawa. Mwenyekiti halazimiki kuyafuata, lakini akitofautiana nayo aeleze kwa nini. Hukumu nyingi zimefutwa kwa sababu ya hatua hii moja kurukwa.
5. Kiapo. Ushahidi wa mtu ambaye hakuapa wala kuthibitisha hauna uzito wa ushahidi.
6. Mwenyekiti kubadilishwa katikati. Mwingine akilipokea jalada, sababu za mabadiliko ziandikwe.
7. Kutembelea eneo. Baraza likienda kuona kiwanja, wadaawa na wazee wawepo, na yaliyoonekana yaandikwe kwenye mwenendo.
8. Ushahidi kupimwa vibaya. Kielelezo, yaani hati iliyopokelewa kama ushahidi, kimepuuzwa. Shahidi muhimu hakutajwa popote kwenye hukumu. Au mipaka iliyoamuliwa si ile iliyobishaniwa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mrufani hapendi kulisikia. Kosa la utaratibu, kama lile la wazee wa baraza, kwa kawaida halikupi kiwanja. Linafuta mwenendo na kurudisha kesi Barazani ianze upya. Kwa mtu aliyeshindwa kwa sababu hakujiandaa, hiyo ni neema kubwa. Kwa mtu mwenye mashahidi wazee na wagonjwa, ni hatari, maana wakifariki kabla ya kesi kuanza tena, ushahidi wao umekwenda nao. Kama una hoja ya ushahidi inayoweza kukupa ushindi kamili, usiifiche nyuma ya hoja ya utaratibu. Ziandike zote mbili, na ujue kila moja inakupeleka wapi.

Ujue pia kwamba sheria yenyewe inakataza uamuzi kupinduliwa kwa kosa dogo lisiloleta upotevu wa haki. Herufi iliyokosewa kwenye jina la mtaa, ambapo kila mtu anajua eneo linalozungumziwa, haitakufikisha popote.

Kuandika sababu ya rufaa

Anayekata rufaa huitwa mrufani, na aliyeshinda chini huitwa mjibu rufaa. Mrufani huandika hati yenye sababu zake, moja baada ya nyingine, kwa namba. Linganisha hizi mbili:

*"Mwenyekiti alinionea na hakujali kwamba mimi ni mjane mwenye watoto wanne."*

*"Baraza lilikosea kwa kutozingatia ushahidi wa shahidi wa pili wa mrufani na hati ya mauziano iliyopokelewa bila pingamizi, ambavyo vyote vinathibitisha kwamba mrufani alinunua kiwanja kwa uwazi."*

Ya kwanza inaweza kuwa kweli tupu, na uchungu wake ni wa haki. Lakini jaji hana ukurasa wa kuufungua ili aipime. Ya pili inamwelekeza kwa shahidi na kwa kielelezo, na mjibu rufaa analazimika kuijibu. Sababu nne zenye nguvu ni bora kuliko kumi na tano zinazorudia neno moja.

Hati hiyo husajiliwa Mahakama Kuu kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama, na baada ya hapo unapewa namba ya malipo ya ada. Usiyejua kompyuta, usikate tamaa. Masijala zina watumishi wa kukuelekeza. Hulazimiki kuwa na wakili. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa huduma wanaowasaidia wasio na uwezo bila malipo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania na wasaidizi wa kisheria walioko wilayani wamekuwa wakiifanya kazi hii kwa miaka mingi. Waone wiki ya kwanza, usisubiri siku ya arobaini na nne.

Rufaa haimzuii dalali

Huu ni mtego mkubwa kuliko yote. Mama amesajili rufaa, amelipa ada, amelala usingizi. Asubuhi moja anagongewa na dalali aliyetumwa kubomoa vyumba vyake viwili. Anatoa karatasi ya rufaa, dalali anamwonyesha amri ya Baraza, na amri ina nguvu.

Kukata rufaa peke yake hakusimamishi kukazia hukumu, yaani kuitekeleza. Anayetaka utekelezaji usimame anapaswa kuwasilisha maombi mengine, tofauti na rufaa, akionyesha kwamba amekata rufaa, kwamba amewahi bila kuzembea, na kwamba ataumia kwa hasara isiyorekebishika hukumu ikitekelezwa sasa. Anaweza kutakiwa aweke dhamana. Nyumba ikishabomolewa, kushinda rufaa kunakurudishia ardhi yenye kifusi. Rufaa na maombi ya zuio viende pamoja.

Siku ya uamuzi

Jaji anaweza kuwasikiliza kwa mdomo au kuagiza mwasilishe hoja kwa maandishi. Akiagiza maandishi, tarehe alizopanga ni amri. Kutowasilisha hoja ni sawa na kutofika mahakamani. Mwisho wake kuna matokeo manne:

- Rufaa inakubaliwa. Uamuzi wa Baraza unapinduliwa au kubadilishwa.
- Rufaa inatupwa. Imesikilizwa, haina mashiko, na hukumu ya Baraza inabaki.
- Rufaa inaondolewa. Ina dosari ya kisheria na haikufikia kusikilizwa. Ukirekebisha dosari unaweza kurudi, kama muda bado upo au utaongezewa.
- Mwenendo unafutwa. Kesi inarudi chini na kuanza upya.

Usiondoke bila kujua lipi kati ya manne limekupata. Watu wamekata tamaa kwa "kuondolewa" wakidhani wametupwa, na wengine wamepoteza fedha wakijaribu kurudi baada ya kutupwa.

Usiporidhika na uamuzi wa Mahakama Kuu, ngazi iliyobaki ni Mahakama ya Rufani. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 30. Lakini hii ni rufaa ya pili, na pale ambapo Baraza na Mahakama Kuu wamekubaliana juu ya ukweli wa mambo, Mahakama ya Rufani huwa nzito sana kuingilia. Mtaji mkubwa wa mrufani ni rufaa ya kwanza. Hapo ndipo pa kuweka nguvu zake zote.

Kwa ambaye hajashindwa bado

Huenda unasoma sura hii na kesi yako bado inaendelea Barazani. Basi wewe una nafasi ambayo mama wa mfano wetu hanayo tena. Peleka kila hati uliyonayo na uombe ipokewe kama kielelezo. Lete mashahidi wako wote, hata wa nauli ndefu. Kama mdai hana barua ya usimamizi wa mirathi, liseme siku ya kwanza. Omba muuzaji wako aunganishwe kwenye kesi. Shahidi akikaa bila kuapishwa, simama kwa heshima uombe aapishwe. Hoja yako ikikataliwa, omba iandikwe kwamba uliitoa.

Ukishinda, jalada lililokamilika litaulinda ushindi wako mpinzani atakapokata rufaa yeye. Ukishindwa, jaji atakuta kila unachokihitaji kimo tayari ndani yake.